Kengele za Kisutu, Nyumba za Msajili

Kila asubuhi, mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, utawaona wageni wakiburuta masanduku kukimbilia boti za Unguja. Wametua jana usiku, wamelala hotelini, na jiji wameliona kupitia kioo cha teksi. Mmoja mmoja husimama akaupiga picha mnara wa kanisa, kisha mchukuzi anamhimiza kwa kuwa boti haimngoji mtu. Wanakwenda Mji Mkongwe kutazama milango ya nakshi na nyumba za mawe. Nyuma yao, mwendo wa dakika chache kwa miguu, iko nyumba ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa nakshi, iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani wa Zanzibar. Hakuna aliyewaambia.

Wageni siwalaumu. Sisi tunaokwenda Posta kila siku ndio tunaopita chini ya roshani za miaka ya 1930 macho yakiwa chini, tukikwepa mitaro na bodaboda. Mwulize mkazi wa Dar akutajie pa kumtembeza mgeni. Atataja fukwe, atataja Kigamboni, pengine Makumbusho ya Taifa. Katikati ya jiji, kwake, ni mahali pa kufuatilia leseni na kuondoka kabla ya foleni.

Mitaa hiyo nimeitembea kwa miguu miaka mingi, hasa Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na macho yakipata nafasi ya kupanda juu. Nimeona jambo moja likijirudia mtaa baada ya mtaa. Majengo ya kale yaliyo hai si lazima yawe yale yenye kibao cha serikali. Ni yale yenye watu wanaoamka alfajiri kuyafungua, kuyafagia na hata kuyagombania: makanisa, misikiti, mahekalu. Yanayokufa ni yale ambayo hakuna mtu awezaye kusema kwa kinywa kipana kwamba ni yake. Mjadala wetu wa urithi umetumia nguvu nyingi kuorodhesha majengo, na nguvu kidogo sana kuuliza nani anakaa humo na anapata nini akilitunza.

Jiji lenyewe ni changa kuliko tunavyolisifia. Kabla yake palikuwa na Mzizima, kijiji cha Wazaramo na Washomvi, na cha Mzizima hakuna jiwe lililobaki la kumwonyesha mtu; limebaki jina. Sultani Majid bin Said ndiye aliyeanza kujenga hapa miaka ya 1860, akitafuta bandari tulivu upande wa bara. Alifariki 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mradi ule, majumba yakaota majani. Nyumba ya wageni niliyoitaja, ambayo sote tunaiita Old Boma, ni ya wakati huo wa Majid. Jirani yake, kando ya barabara ileile ya Sokoine, kuna nyumba nyingine inayohesabiwa miongoni mwa za awali kabisa, Atiman House, ya Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki.

Hapo Atiman House napenda kusimama kidogo, kwa sababu ya jina. Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja. Mtoto wa Kiafrika aliyeuzwa kama bidhaa, leo jina lake limekaa juu ya nyumba katika mji ulioanzishwa na ukoo wa kisultani ulionufaika na biashara hiyohiyo. Siku hizi kuna watu wanasema majengo haya hayatuhusu. Mimi huwapeleka hapo kwanza.

Upande wa Wajerumani nitaupita haraka, kwa kuwa kila kitabu cha watalii kinaanzia huko. Walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar mwaka 1891. Ujenzi wa Mtakatifu Yosefu ulianza 1897 na wa kanisa la Kilutheri la Azania Front 1898. Yote mawili yalikamilika 1902. Hospitali ya Ocean Road, yenye minara miwili ya kuba inayotazama bahari, ni ya 1897, na Robert Koch, yule bingwa wa vijidudu vya maradhi, alifanya utafiti hapo. Leo watu wetu wanatibiwa saratani mahali palepale. Jengo lina zaidi ya miaka 120 na bado lina kazi, ndiyo maana lina rangi.

Kwenye Sanamu ya Askari, hata hivyo, msipite haraka. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Waingereza walipoteka jiji walimng'oa, akaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaja kumwangusha miaka ya 1960. Askari wa shaba aliyepo sasa aliwekwa 1927. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanayowakumbuka askari na pia wapagazi, wale walioitwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza kilichopiga kambi pale. Kwa hiyo unaposimama chini ya sanamu hii, unasoma cheti cha kuzaliwa cha soko kubwa kuliko yote nchini.

Sasa fuata njia ya wapagazi. Toka ufukweni Azania Front, pita Uhindini, vuka viwanja vya Mnazi Mmoja, ingia Kariakoo. Kwa mwendo wa kawaida ni chini ya saa moja, na utakuwa umeukanyaga mpango mzima wa ukoloni kwa nyayo zako. Wajerumani walianza kuligawa jiji kwa kanuni za ujenzi, Waingereza wakakamilisha: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, miti mikubwa na bustani, Uhindini katikati, maduka yaliyobanana, Uswahilini huko nyuma. Mnazi Mmoja hapakuachwa wazi kwa ajili ya kupunga upepo. Paliachwa pawe utepe wa kutenganisha watu na watu. Leo vijana wanacheza mpira hapo, na mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama katikati ya ardhi ambayo iliwekwa ili baba zao wasivuke. Sijaona kibao hata kimoja kinachomweleza mpita njia jambo hilo kwa maneno haya.

Na ukishavuka, tazama kilichotoweka. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele, ndizo zilizoijaza Kariakoo. Ni kwenye mabaraza kama hayo, na kwenye ofisi ndogo ya Mtaa wa New Street, Lumumba ya leo, ambako TANU ilizaliwa Julai 1954. Nyumba hizo zimevunjwa karibu zote, kiwanja kimoja baada ya kingine, na maghorofa ya maduka yamechukua nafasi yake. Hakukuwa na mkutano wa kuziaga wala mtaalamu wa nje wa kuzilia. Tunapozungumzia urithi wa usanifu wa Dar tunataja vigae vya Wajerumani, na usanifu uliotuzaa sisi wenyewe umeondoka kimyakimya. Nalisema hili kwa uchungu, maana babu zetu wengi walikufa katika vyumba vile.

Lakini moyo wa jiji hili, kwa mtu anayetaka kutazama, uko Uhindini. Mitaa ya India, Zanaki, Jamhuri, Libya, Indira Gandhi, Mosque, Kisutu. Wafanyabiashara wa Kigujarati na Kikachi walijenga hapa kwa sehemu kubwa kati ya miaka ya 1920 na 1950, duka chini, familia juu. Kuna nyumba moja ya kona ambayo huwa naanza nayo. Ina ghorofa mbili juu ya duka. Ukuta wake haukukatwa pembe. Umepinda taratibu kuifuata kona, kama mtu anayegeuza shingo. Roshani ina kizuizi cha saruji kilichotobolewa maua, kila ua limetoka kwenye kalibu ileile lakini ukitazama kwa makini utaona fundi alivyosawazisha kingo kwa kidole. Juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, kuna mwaka umeumbwa kwa lipu, na chini ya mwaka kuna jina kwa herufi za Kigujarati. Nusu ya jina imezibwa na bango la mtu anayeuza makava ya simu.

Rangi ya ukuta huo ndiyo somo. Duka la kushoto limepaka njano, likaishia sawasawa na mstari wa mlango wake. Duka la kulia limepaka buluu, nalo likaishia hapohapo. Ghorofa ya juu ambako hakuna duka haijapakwa na mtu yeyote. Lipu imevimba, mti wa mtini umeota kwenye ufa na mizizi yake inaiingia roshani. Kila mpangaji ametunza kipande chake cha mita nne, basi. Juu ni kwa nani?

"Hii ya msajili," mzee anayeuza kahawa kwenye kona hiyo aliniambia siku nilipomwuliza.

Nikamwambia, mzee wangu, si msajili alishafutwa zamani?

"Alifutwa kwa karatasi, mwanangu. Nyumba zake tunaziita hivyohivyo."

Kwa vijana wasiolijua neno hilo: mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wengi waliopoteza nyumba walikuwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, na wengi wao walifunga virago wakaenda Uingereza na Kanada. Mwaka 1990 mali za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ya 1971 ilieleweka katika siasa ya wakati ule: nchi iliyotoka kutangaza Azimio la Arusha haikuweza kuvumilia watu wachache wakila kodi za mji mzima. Na kwa muda hatua hiyo ilizilinda nyumba zenyewe, kwa kuwa serikali isiyo na fedha haivunji ili ijenge upya. Kwa karibu miaka 20 Uhindini ilibaki kama ilivyokuwa.

Tatizo lilikuwa ndani ya utaratibu. Kodi ilikuwa ndogo mno kuweza kurudisha hata gharama ya bati lililotoboka. Mpangaji alijua hawezi kuuza, kwa hiyo hakujenga. Alijua pia si rahisi kumtoa, kwa hiyo hakuondoka. Kilichouzwa kilikuwa kilemba, ile fedha ya mkononi ambayo anayeingia humpa anayetoka ili amwachie chumba. Kilemba cha duka la katikati ya jiji kingeweza kuzidi kodi ya miaka mingi. Tafakari maana yake: fedha nyingi zilipita mikononi mwa watu kwa sababu ya jengo hilo, na hata shilingi haikuifikia lipu yake. Nyumba ilikuwa na thamani kwa kila mtu isipokuwa kwa nyumba yenyewe.

Tembea sasa mpaka Kisutu, mtaa ambao sehemu yake siku hizi unaitwa Pramukh Swami. Mahekalu yamepangana hapo, mengine ukuta kwa ukuta, kila moja la jumuiya yake, na jioni kengele zake hupokezana na adhana ya misikiti ya jirani. Asiyejua hudhani haruhusiwi kuingia. Mara yangu ya kwanza nilisimama nje kwa muda mrefu nikiangalia rundo la viatu. Mzee mmoja wa Kihindi, kanzu nyeupe ya pamba, akaniona.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Vua viatu tu, ingia. Huku hatuli mtu."

Ndani, jambo la kwanza ni baridi ya marumaru miguuni. La pili ni kengele ya shaba inayoning'inia mlangoni, ambayo kila anayeingia huigusa mara moja, na kamba yake imekuwa nyeusi kwa vidole vya miaka. La tatu ni ukuta wa majina. Safu kwa safu za majina ya ukoo, mengine kwa Kigujarati, na kiasi ambacho kila familia ilichangia. Kuna michango midogo kabisa, na yenyewe imechongwa kwenye jiwe lilelile kama ile mikubwa. Mzee alinionyesha jina la baba yake kwa kidole cha shahada, hakusema neno, akaendelea mbele.

Nilimwuliza nani anagharamia rangi. Akanitazama kama niliyeuliza nani anagharamia chakula cha watoto wake. Kila mwaka kabla ya Diwali ukuta unapakwa. Kuna kamati, ina mweka hazina, kuna ugomvi wa uchaguzi kila mara, na kuna vijana walio Leicester na Toronto wanaotuma fedha ingawa hawajatia mguu hapa miaka mingi. Nyumba ya ibada haikutwaliwa 1971. Kwa hiyo tunao mtaa uleule, mafundi wa kizazi kilekile, saruji na chokaa ya bandari ileile, mvua na chumvi ya bahari ileile. Upande mmoja wa ukuta umepakwa mwaka huu, upande wa pili mtini unakula roshani. Sijui ushahidi gani mwingine tunautafuta.

Mtaalamu wa uhifadhi anaweza kulalamika, na atakuwa na haki kiasi, kwamba mahekalu haya si ya kale tena: vigae vipya, taa mpya, vilele vilivyojengwa upya, marumaru iliyoletwa juzi. Ni kweli. Jumuiya inayoishi ndani ya jengo hulibadilisha. Hata hivyo kati ya jengo lililobadilishwa na wanaolipenda na lile lililobaki halisi mpaka likaanguka, sioni sababu ya kusita. Na mahali pengine jumuiya zimetunza hata uhalisi wenyewe. Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, kwenye Mtaa wa Mosque, ya mwaka 1930, na mnara wake wa saa, imesimama na haiba yake yote, na imezungukwa na maghorofa yaliyoimeza mitaa ya pembeni.

Maghorofa hayo ndiyo sura ya pili. Milango ya uchumi ilipofunguliwa, ardhi ya Uhindini ikawa dhahabu. Kiwanja chenye nyumba ya ghorofa mbili kikaonekana kama kiwanja kinacholala. Ubia ukaja, mabati ya kuzungushia yakaja, na nyumba zilizostahimili miaka 70 zikawa kifusi kwa wiki mbili. Mitaro ya maji taka iliyochimbwa kwa ajili ya familia tatu ikabeba familia sitini. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, ubavuni mwa msikiti, lilianguka asubuhi na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwa watoto waliokuwa wakicheza jirani. Siwezi kupita hapo bila kutazama juu, na nadhani sipo peke yangu.

Mtu atasema tunayo sheria. Tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa urudi kwenye hesabu tuliyoanza nayo. Majid alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Yaani mstari wa sheria umechorwa mlangoni mwa jiji, na karibu jiji zima limebaki nje. Mlango wa Kilwa unahifadhiwa bila kuomba. Nyumba ya Kisutu lazima waziri aitangaze kwa jina. Tarehe ile ilikuwa na mantiki wakati sheria inatungwa, ambapo nyumba ya 1930 ilikuwa na umri wa miaka 34 tu. Leo ina zaidi ya 90. Jengo lililowekwa kwenye tangazo pia laweza kuondolewa kwenye tangazo, na wenye kiwanja wanalijua hilo vizuri.

Hata tangazo kubwa kuliko yote halitoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na tangu 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pamoja na hayo Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo picha yake iko kwenye kila kadi ya Zanzibar, liliporomoka sehemu yake mchana wa Desemba 25, 2020, na watu wakapoteza maisha. Lilikuwa limefungwa kwa miaka, na liliporomoka matengenezo yakiwa yanaendelea. Fundi mmoja wa chokaa aliwahi kuniambia kwamba nyumba ya matumbawe ikikosa moto wa jikoni na watu wa kufungua madirisha, boriti zake huoza kutoka ndani, na wewe ukiwa nje unaona ukuta mzima. Tangu aliponiambia nimekuwa nikichungulia madirisha kabla ya kuta.

Najua pia pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini, nalo linastahili kujibiwa kwa sauti ya kawaida. Kwamba nyumba hizi ni za Wazungu na Wahindi, na Mwafrika alizijua kwa kuzifagia. Kuna ukweli mchungu ndani yake. Nimetoka kuuelezea Mnazi Mmoja. Ila mikono iliyosawazisha maua ya saruji kwenye ile roshani ilikuwa mikono ya mafundi, na wengi wa vibarua waliochanganya lipu walikuwa Waafrika waliovuka Mnazi Mmoja asubuhi na kurudi jioni. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyefariki 1897, alitoa fedha za hospitali iliyohudumia watu wa rangi zote, na mpaka leo mgonjwa akilazwa Muhimbili anaweza kuambiwa aende Sewahaji bila kujua huyo alikuwa nani. Bunge letu lilikaa katika Ukumbi wa Karimjee, wenye jina la familia ya wafanyabiashara wa Kihindi. Ukiondoa majengo haya hujauondoa ukoloni. Umeondoa ushahidi wake, pamoja na ushahidi wa namna tulivyoishi pamoja licha yake.

Cha kufanya hakihitaji miujiza. Tarehe ya 1863 ibadilishwe kuwa umri, tuseme miaka 75, ili kila jengo litakapofika hapo anayetaka kulivunja aombe ruhusa, badala ya anayetaka kulitetea kukimbilia gazetini. Wapangaji wa nyumba za msajili wapewe mikataba mirefu, ya miaka 25 au 30, yenye sharti la paa na uso wa mbele, na kodi ya jengo la kale irudi kwenye jengo hilo kabla ya kwenda kokote. Mpangaji mwenye uhakika wa miaka 30 atapanda mwenyewe kuung'oa mtini. Na mwenye nyumba ndogo kwenye kiwanja cha bei kubwa aruhusiwe kuuza ile haki yake ya kuongeza ghorofa kwa mtu anayejenga mahali palipo na mitaro na barabara za kutosha. Mumbai wana kanuni za namna hiyo tangu 1995, kwa majengo yanayofanana na haya kama ndugu, kwa sababu waliojenga walikuwa ndugu kweli.

Utalii utafuata, wala usitangulie. Ninaogopa ule utalii unaopaka uso wa nyumba na kuwafukuza waliomo. Mgeni hana haja ya kuoneshwa Uhindini iliyogeuzwa hoteli. Anataka kununua tambuu kwa anayeifunga, kula bajia zilizotoka mafutani, kuvua viatu mlangoni mwa hekalu na kumsikia mzee akionyesha jina la baba yake. Vijana wa Kariakoo na Kisutu wanaoijua mitaa hii wanaweza kuwa viongozi wa misafara tangu kesho, wakipewa mafunzo ya historia badala ya kufukuzwa na mgambo. Pale Old Boma tayari kuna kituo cha urithi wa usanifu kilichokusanya ramani na picha za jiji. Huo ni mwanzo mzuri, na ningependa kuona watoto wa shule wa Ilala wengi humo kuliko watafiti.

Nilirudi kwenye ile kona Jumapili iliyopita, nimeshuka kituo cha mwendokasi cha Kisutu saa moja kasoro. Mzee wa kahawa alikuwa anapanga vikombe na kashata. Mti wa mtini umeongezeka. Tawi moja limefika kwenye mwaka ulioandikwa kwa lipu na kuifunika tarakimu ya mwisho. Nikamwuliza kama anakumbuka ilikuwa ngapi. Akaweka birika chini, akarudi nyuma hatua mbili mpaka katikati ya barabara, akainua uso akatazama kwa muda.

"Sita," akasema. "Elfu moja mia tisa thelathini na sita. Marehemu mama alizaliwa mwaka huo."

Kisha akanimiminia kahawa, na hekaluni wakaanza kupiga kengele ya asubuhi.